Marehemu Fundi Etse

Kocha Foli alifika Vogan siku ya Jumanne, siku ambayo hata soko hakuna, gari lake jeupe likasimama mbele ya nyumba ya Mama Mapacha. Tukajua lipo jambo. Foli si mtu wa kupita kusalimia. Miaka kumi na mitatu iliyopita alikuja na mpira mmoja na gunia la viatu, akaondoka na Atsu, na tangu siku hiyo kila akija hapa mtaani huja kuchukua kitu, ingawa huanza kwa kutoa. Safari hii alitoa mkate na mikebe miwili ya maziwa.

Mama Mapacha ndilo jina tulilompa alipojifungua Atsu na Etse, robo saa kati yao. Jina lake hasa ni Masan, lakini hata karani wa kanisa amelisahau. Kwetu mwanamke aliyezaa pacha hupishwa kisimani na hauziwi samaki wa jana. Siku hiyo alikuwa amekaa uani akichambua maharage, na mkwewe Dzigbodi alikuwa akianua nguo. Etse, mume wa Dzigbodi, alikuwa juu ya jukwaa la miti akipiga lipu ukuta wa nyumba mpya. Nyumba hiyo sisi huiita nyumba ya Atsu, kwa sababu Atsu ndiye anayetuma pesa kutoka Ubelgiji anakocheza mpira. Kila tofali lake limewekwa na Etse, na hilo halikumpa mtu wazo la kuiita vingine.

"Shikamoo, mama," Foli akasema. "Fundi, hebu shuka. Jambo hili haliongeleki mtu akiwa juu."

Etse akashuka, mwiko mkononi, saruji mpaka kwenye nyusi.

"Kuna mtu kawaandikia barua wazungu wa ile klabu mpya inayomtaka Atsu," Foli akasema.

"Mtu gani?"

"Yule wakala wa zamani niliyemwachisha kazi. Kawaambia Atsu ana pacha, na huyo pacha ana mvi."

Etse akavua kofia, akajipapasa. "Mvi zenyewe tatu."

"Saba," Dzigbodi akasema kutoka kwenye kamba ya nguo. "Jumapili nilizihesabu."

Hapa sina budi kusema waziwazi kilichofanyika, maana mtaa mzima tulikijua na hakuna aliyekiona kuwa dhambi. Paspoti ya Atsu inasema amezaliwa mwaka tisini na nane. Atsu alizaliwa tisini na tatu. Foli alimpunguzia miaka mitano kabla ya kumpeleka Lome kwenye shule yake ya mpira, na wengi hufanya hivyo, kwa sababu wazungu hununua mchezaji kama watu wanunuavyo maembe, kwanza hubonyeza waone kama hajaiva sana. Kosa lake ni kwamba alimpunguzia mmoja, akamsahau wa pili, kwa kuwa wa pili hakuwa na safari. Foli aliingia ofisini na jina la pacha, akatoka na cheti cha pacha aliye mdogo kwa mwenzake miaka mitano. Kwa muda wote huo hakuna aliyeuliza.

"Sasa wanaleta wakili kutoka Lome, Jumamosi," Foli akasema. "Anakuja kuona nyumba, anaongea na mama, anaandika ripoti. Ripoti ikiwa safi, Atsu anasaini miaka mitatu, ligi ya kwanza. Ikiwa chafu, hasaini, na hapo alipo sasa mkataba wake unakwisha. Mtu wa miaka thelathini na mmoja hapewi mkataba, mama. Anapewa mkono wa kwaheri."

"Si mumwambie wakili hana pacha?" Etse akauliza.

"Anaitwa Atsu. Nani kwetu ataitwa Atsu na hakuzaliwa wawili? Wakili mwenyewe mtu wa Aneho, wa huku huku kwetu. Jina tu linamtosha."

"Basi nipunguzie na mimi."

"Nimelifikiria hilo. Una cheti cha shule ya msingi cha mwaka elfu mbili na saba. Una cheti cha ufundi. Umefunga ndoa kwa meya, mmepigwa na picha. Nikikupunguzia mitano, utakuwa umeoa ukiwa na miaka kumi na mitano."

Etse akacheka. Foli hakucheka, na Etse akaacha.

"Kwa hiyo mimi nitakuwa nani?"

Foli akayatazama maharage kwenye ungo. "Utakuwa umekufa, fundi. Zamani sana, mchanga kabisa. Wala hukuumwa sana."

Dzigbodi aliweka nguo chini, zikaingia mchanga. "Na mimi nimeolewa na nani? Nikashone nyeusi?"

"Shemeji, ni kwa mchana mmoja."

"Kufa kwa mchana mmoja. Kafe wewe, utuonyeshe."

Mama Mapacha aliacha kuchambua. Alipoinua uso, alisema lile ambalo Foli alikuwa akilizungukazunguka tangu alipokaa. "Pacha akifa, huchongewa."

Ni kweli. Kwetu pacha mmoja akifa, mama huchongewa kinyago kidogo cha mti, akakiogesha, akakivisha, akakilisha pamoja na yule aliyebaki, ili wa huku asivutwe huko. Nyumba iliyofiwa na pacha bila kinyago ni nyumba ya mtu mwongo, au ya mama asiye na utu. Wakili wa Aneho angekitafuta kwa macho kabla hajaketi.

"Nimeshaagiza," Foli akasema. "Kwa fundi wa mbali, asiyetujua."

"Umeagiza kabla hujaniuliza?"

"Mama, Jumamosi ni karibu."

*

Etse alikuwa na sharti moja, kwamba Atsu mwenyewe amwombe. Hakutaka kufa kwa kutumiwa salamu. Foli akapiga simu pale pale uani, akamkabidhi.

Atsu alikuwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya uwanja wa mazoezi, kioo kimeganda barafu. Asubuhi hiyo alichomwa sindano ya goti, ya tatu tangu Krismasi, na daktari wa timu aliyaangalia mapicha ya goti lile, akaiangalia na tarehe ya kuzaliwa, akanyamaza kwa namna ambayo Atsu hakuipenda. Wenzake humwita Mzee kwa kuwa hapendi kelele. Wanatania tu, lakini kila akiitwa hivyo moyo humwenda mbio mpaka waende zao.

"Kocha kakueleza?" akauliza.

"Kanieleza. Nataka nikusikie wewe."

"Etse, unanijua. Ningekuwa na njia nyingine..."

"Sema unachotaka."

Etse aliisikia feni ya gari la ndugu yake ikivuma.

"Nataka uwe hukuishi," Atsu akasema. "Kwa hao watu tu. Mama anachomwa sindano ya sukari kila siku, wanao wako shule ya masista, paa la nyumba halijapigwa. Nikirudi sasa nirudi na nini? Goti? Nipe miaka mitatu, ndugu yangu, halafu nitakuja kukaa hapo hapo uani na wewe, nitakuwa saidia fundi wako, unitume hata maji."

"Hujui hata kuchanganya saruji."

"Utanifundisha."

"Haya," Etse akasema. "Mimi nimekufa. Mlilie mwenyewe, maana Dzigbodi kakataa."

Akarudisha simu, akapanda jukwaani, akaendelea na lipu yake. Sehemu ile ya ukuta ipo hadi leo na imenyooka sawasawa. Nilikwenda kuiangalia kwa makusudi, nikidhani nitakuta imepinda.

*

Kinyago kililetwa Alhamisi kikiwa kimefungwa kwenye gazeti. Kilikuwa cha urefu wa kiganja na nusu, kichwa kikubwa, mikono imeshuka mbavuni, mti bado unanuka kuchongwa. Etse alikichukua, akakigeuza, akakitazama mbele na nyuma.

"Kimenipunguzia kitambi," akasema.

"Kimekupunguzia na mdomo," Dzigbodi akamjibu. Alikuwa juu ya stuli akishusha picha ya arusi ukutani. Palipokuwa na picha pakabaki mraba mweupe, akauziba kwa kalenda ya duka la dawa. Kisha akafunga nguo za watoto wake wawili ili awapeleke kwa mama yake. Kuhusu yeye mwenyewe, Foli alikuwa amependekeza aitwe mtumishi wa nyumba. Dzigbodi alimtazama Foli kwa muda, akasema yeye na wanawe watarudi Jumapili, mumewe akifufuka.

Foli alitaka kinyago kipakwe mawese na masizi, kiegemezwe pembeni, kazi iishe. Mama Mapacha akamwambia kwamba mambo hayo hayafanywi nusu. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mwenye kiti chake safu ya pili, lakini mama yake alikuwa ameogesha kinyago cha mtoto wake miaka arubaini, na mikono ya Masan iliijua kazi hiyo kabla hajaamua kuifanya. Akachemsha majani, akakiogesha, akakikausha kwa khanga yake. Akakata kipande cha shati la Etse la utotoni alilokuwa amelihifadhi sandukuni, akakivisha. Etse alisimama mlangoni akimwangalia.

"Mama, hilo shati ulikuwa umeniwekea?"

"Nilikuwekea. Nilimwekea na Atsu lake."

"Si ungechukua la Atsu basi."

Mama hakugeuka. "Atsu yuko hai," akasema, kisha akaishika meza. Hakuna aliyemcheka, wala yeye hakuomba radhi. Etse akatoka nje, akaanza kuosha ndoo ambazo zilikuwa safi.

Jirani yao Bi Ablavi, ambaye ua wake umepakana na wao kwa ukuta wa matofali, aliyasikia yote na jioni akaja na maneno yake. "Wahenga walisema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe," akamwambia Foli. "Wewe umeleta mpya. Mzaliwa nawe afe, wewe ule."

"Bi mkubwa, kisima cha hapo kona nani alikichimba?"

"Atsu."

"Maji yake ukinywa hayana chumvi?"

Bi Ablavi akafunga mdomo. Na sisi wengine tulifunga pia, msituone wema. Maji ya kisima kile ni matamu.

*

Jumamosi Etse alipelekwa ua wa Bi Ablavi, akaambiwa akae ndani asitoke. Hakuweza kukaa. Alikuta ukuta wa banda la kuku una nyufa, akakoroga saruji kidogo kwenye beseni, akawa anaziba nyufa hizo polepole, huku Bi Ablavi akimenya mihogo na kumkodolea macho.

Wakili Amegan alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, mwenye suti ya kijivu na mkoba wa ngozi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kisha akainama, akamsalimu Mama Mapacha kwa salamu ile ndefu ya mama wa pacha, kipengele kwa kipengele, wala hakuruka neno. Hapo Foli alianza kutoka jasho, maana alikuwa amejiandaa kwa wakili wa vitabu, na huyu alikuwa kalelewa.

"Mama, nimetumwa," Wakili akasema. "Maswali si yangu, unisamehe."

"Uliza, mwanangu."

"Siku ile ulijifungua wangapi?"

"Wawili."

"Wako wapi?"

"Mmoja yuko Ulaya."

"Na wa pili?"

Foli alikuwa amemfundisha neno la kusema, tangu Alhamisi, mara nyingi. Mama alilitafuta hilo neno, lisije. Akanyoosha kidole kwenye kigoda kilichokuwa pembeni ya kitanda. "Yule pale."

Wakili akaandika. "Alizikwa na nani?"

"Babu yao," Foli akasema.

"Sijakuuliza wewe, Kocha."

"Babu yao," Mama akasema.

Wakili akainuka, akaomba ruhusa, akakishika kinyago kwa mikono miwili. Alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Vinyago vya zamani huwa vimekwisha uso kwa kuogeshwa, pua imetoweka, macho yamebaki alama tu. Hiki pua yake ilikuwa kali. Akakinusa.

"Mti mpya," akasema.

"Cha kwanza kililiwa na mchwa," Foli akasema haraka. "Hiki kimechongwa juzijuzi badala yake."

"Mchwa." Wakili akaandika. "Mchwa wa Vogan ni hodari." Akakirudisha kigodani kwa adabu, akarekebisha kishati chake. "Mama, marehemu hula saa ngapi?"

"Mchana."

"Sasa ni mchana."

Mama akaenda jikoni, akarudi na kibakuli cha maharage yenye mawese na gari, ule unga wa muhogo uliokaangwa, juu yake. Mikono yake ilikuwa imetulia. Akapiga magoti mbele ya kigoda, akachota kidogo kwa vidole.

"Bibi yangu alikuwa nacho kimoja," Wakili akasema. Alikuwa amesimama dirishani, kalamu ameiweka mfukoni. "Hakumlisha kabla hajamwita. Alikuwa akimwita mara tatu, tena kwa sauti, kama mtu amwitavyo mtoto aliye mbali akicheza. Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka. Wewe humwiti, mama?"

"Namwita."

"Muite."

Foli akasema mama ana sukari, ana presha, apumzike. Hakuna aliyemsikiliza.

"Etse," Mama akasema, kwa sauti ya chini.

"Bibi yangu alikuwa anaita mpaka majirani wasikie."

Mama akafumba macho. Akaita kwa sauti ileile aliyomwitia miaka thelathini na mmoja, uji ukiwa tayari, mvua ikianza, mgeni akija, sauti ambayo sisi sote mtaani tunaijua na watoto wetu huiigiza. "Etsee!"

Upande wa pili wa ukuta, mwiko ulisimama. Etse hajawahi kuitwa na mama yake akakaa kimya. Aliwahi kumwitikia akiwa juu ya paa la watu, akiwa chooni, akiwa katikati ya kuapa mbele ya meya siku ya arusi yake, watu wakacheka hadi meya. Mdomo wake ulikuwa umekwisha kufunguka. Bi Ablavi aliacha kisu kikaanguka, akaziba mdomo wake mwenyewe kwa viganja viwili, akimtikisia kichwa. Etse akaudaka ukosi wa shati lake kwa meno.

"Etsee!"

Akabaki ameinama hivyo, macho yake kwenye ufa uliozibwa nusu. Kuku mmoja alikuja akadonoa saruji, akaondoka. Bi Ablavi anasema aliona shingo yake ikijaza mishipa. Mimi sikuwepo, lakini namwamini, kwa sababu tangu siku ile Bi Ablavi hana utani tena na mambo hayo.

Mle ndani Wakili hakuwa akikitazama kinyago. Alikuwa akiutazama, kupitia dirishani, ukuta wa ua wa jirani. Alingoja muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kulikuwa na redio ya mbali na mtu akitwanga, basi.

"Inatosha, mama," akasema mwishowe. "Mlishe."

Mama akapaka maharage kwenye mdomo wa kinyago, akaufuta kwa ncha ya khanga. Wakili akaandika mistari michache, akampa karatasi aweke sahihi, akavaa viatu vyake mlangoni. Akiwa amekwisha shuka ngazi, akageuka.

"Pole kwa msiba, mama."

"Tumeshapoa," Mama Mapacha akajibu, na hilo ndilo jibu la siku zote la pole ya msiba. Lilimtoka lenyewe.

Foli alimsindikiza mpaka kwenye gari. Anasema Wakili alimwambia jambo moja tu kabla ya kufunga mlango, kwamba yeye kazi yake ni kuandika alichokiona na kukisikia, na kwamba amesikia kimya.

Etse alirudi kupitia nyuma. Alimkuta mama yake bado amepiga magoti.

"Mama, nilisikia."

"Najua ulisikia."

"Sikuitika."

"Najua, mwanangu."

Etse akachukua chakula chake jikoni, akala amesimama.

*

Mkataba ulisainiwa mwezi wa sita. Foli alileta habari na mbuzi, akakaa mezani nasi, akanywa pombe ya sodabi mpaka akaimba. Mabati yakaja, mekundu, na Etse akayapiga mwenyewe na vijana wawili kwa siku nne. Dzigbodi alirudisha picha ya arusi ukutani, juu ya kalenda. Kila kitu kilikuwa kimekwenda kama kilivyopangwa, na mtu angeweza kuishia hapo.

Lakini ripoti ya Wakili ilisomwa na watu wengi kule. Klabu ina ofisi yenye kazi ya kuwapa mashabiki hadithi, na binti mmoja wa ofisi hiyo alipofika pale mama anapomwita mwanawe mfu mbele ya kinyago cha mti, inasemekana alilia. Wakaandika kwamba Atsu anacheza kwa ajili ya wawili. Wakamshonea ndani ya fulana, upande wa moyo, jina Etse. Atsu hakukataa, angekataaje? Mwezi wa tisa akafunga bao kwa kichwa, bao zuri tu, akakimbia hadi kwenye kona, akainua vidole viwili mbinguni, akafumba macho. Uwanja mzima ukasimama.

Sisi tulikuwa kwenye baa ya Komi, watu arubaini mbele ya televisheni moja, na Etse alikuwa amekaa safu ya mbele na chupa yake. Tulipiga kelele za bao, kisha tukaona vidole, kelele zikakatika. Ndipo Komi, mwenye baa, akasema, "Marehemu, chupa hiyo unalipa wewe au tuipeleke mbinguni?"

Tulicheka mpaka machozi. Etse alicheka kuliko wote.

Tangu hapo ikawa ndilo jina. Marehemu, leta timazi. Marehemu, mkeo kakuulizia. Mtu akitaka fundi huku mtaani aliulizwa, unamtaka fundi mzima au marehemu? Maana tulikubali kwamba marehemu ana bei nafuu. Kwa wiki mbili tatu aliitikia na kutujibu, maana Etse ni mtu wa mzaha. Halafu akawa haitiki. Sisi tukaendelea kidogo zaidi ya inavyofaa, kisha tukaacha.

Atsu alipiga simu.

"Uliona bao?"

"Niliona. Ulinisalimia huko juu."

"Wao ndio waliotaka, Etse. Mimi wananiambia fanya hivi."

"Na mimi niliambiwa hivyo hivyo."

"Nimekuudhi?"

Etse alitafakari jibu la kweli. "Sijui," akasema. "Watu wangapi walisimama?"

"Elfu kumi na mbili."

"Ni wengi. Hata arusini sikupata wengi hivyo."

Akaagana naye vizuri. Kisha akaingia chumbani kwa mama yake, akakikuta kinyago kigodani, kimeogeshwa asubuhi hiyo, mdomo una mafuta. Pua ilikuwa imeanza kulainika.

"Mama, hii kazi ilikuwa ya mchana mmoja. Mbona bado?"

"Nimemwita mara tatu, nikamlisha," Mama akasema. "Kitu ulichokiita ukakilisha hukitupi."

"Kirudishe kwa Foli."

"Foli hakukizaa."

"Kwani wewe ulikizaa?"

Mama akakirekebisha kishati cha kinyago. "Siku ile niliita," akasema, "kukawa kimya. Wewe hujui kimya kile kilivyo, mwanangu, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa kule. Mimi ndiye niliyekuwa huku. Sasa kila siku naogopa nikiacha kumlisha yeye, nitakuja kukuita wewe nisijibiwe kweli."

"Mimi nipo. Nishike."

Mama akamshika mkono, akaubonyeza, akauachia. Kesho yake asubuhi alichemsha majani kama kawaida.

*

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na moja Etse alikuwa na kazi ya msingi wa nyumba karibu na soko, na mchana akaja kula nyumbani, njaa inamuuma. Joto lilikuwa kali. Dzigbodi alikuwa sokoni, watoto shuleni. Mama Mapacha alikuwa barazani kwenye nyumba ya mabati mekundu, sufuria ya maharage imeepuliwa, amempa mgongo mlango wa ua. Mbele yake kulikuwa na mabakuli mawili, kubwa na dogo, na kigoda.

Etse alikuwa anausukuma mlango aliposikia.

"Etsee!"

Mdomo ukafunguka, ukabaki wazi. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya ua na mwingine nje. Mama hakuwa amegeuka, wala hakuwa amesikia mlango.

"Etsee!"

Akangoja aone kama ataita mara ya tatu. Mama akachota maharage, akatia mawese, akapumua.

"Mama," Etse akasema kutoka pale mlangoni, "umemwita nani?"

Mama akageuka, akamwona. Akamtazama juu hadi chini, na vumbi lake na kofia yake, kisha akayatazama mabakuli.

"Si nimemwita Etse."

"Etse yupi?"

"Wote wawili," akasema. "Nawa mikono, chakula kinapoa."